Jinsi ya kukadiria mzigo wa RSV Nairobi, rika kwa rika

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa sajili za wodi, matokeo machache ya maabara, na swali moja kutoka kwa wakubwa wake: msimu uliopita virusi vya RSV vililaza watu wangapi, na wa umri gani? Makosa makubwa niliyoyaona katika kazi hii yana chanzo kimoja. Mtu huchukua asilimia ya jumla ya waliopatikana na RSV maabara, akaizidisha kwa wagonjwa wote, kuanzia kichanga wa wiki tatu hadi nyanya wa miaka themanini, kana kwamba wote walifika hospitalini kwa njia moja na kupimwa kwa kiwango kimoja. Sivyo. Kila rika hupotea mahali pake, na inabidi ulifuate huko lilikopotelea kabla ya kujumlisha chochote.

RSV ni virusi vya njia ya hewa. Viligunduliwa mwaka 1956 kwa sokwe waliokuwa na mafua, na mwaka uliofuata vikapatikana kwa watoto wachanga. Karibu kila mtoto huvipata kabla ya kutimiza miaka miwili, na wengi huishia kamasi na kikohozi. Kwa wachache hushuka hadi kwenye vijia vyembamba vya mapafu, mtoto akaanza kupumua kwa kasi, mbavu zikiingia ndani, akashindwa kunyonya. Makadirio ya dunia ya mwaka 2019 yalitaja watoto milioni 33 wa chini ya miaka 5 waliougua nimonia au maambukizi mengine ya mapafu kwa sababu ya RSV, milioni 3.6 waliolazwa, na vifo 101,400. Karibu nusu ya vifo hivyo ni vya watoto ambao hawajafikisha miezi 6. Lakini namba ninayotaka uishike ni hii: vifo vilivyotokea hospitalini vilikuwa 26,300 tu. Yaani kwa kila watoto wanne waliokufa, takriban mmoja ndiye aliyefia wodini. Sajili uliyokabidhiwa ni ya huyo mmoja.

Hatua ya 1: Panga marika kabla ya kufungua sajili

Usianze na "chini ya miaka 5" na "zaidi ya miaka 5". Fomu za muhtasari za wizara, MOH 705A na MOH 705B, zimegawanywa hivyo, na mgawanyo huo unatosha kwa kazi nyingine lakini si kwa hii. Mimi hutumia miezi 0–2, 3–5, 6–11, 12–23 na 24–59, kisha miaka 5–17, 18–49, 50–64, na 65 kwenda juu.

Vipande vya watoto ni vyembamba kwa sababu maamuzi yanayokuja yanahesabiwa kwa miezi. Chanjo ya RSV kwa wajawazito ilipata idhini Marekani na Ulaya mwaka 2023, na kinga anayoipata mtoto kupitia mama yake huwa na nguvu zaidi katika miezi ya mwanzo. Anayepanga bajeti ya chanjo hiyo hatakuuliza watoto wangapi wa chini ya miaka 5 walilazwa. Atauliza wangapi walikuwa hawajafikisha miezi 6. Ukiwa umewachanganya na wa miaka minne, utarudi kuanza upya.

Hatua ya 2: Amua nani anahesabiwa mgonjwa, na kwa maneno gani

Shirika la Afya Duniani, WHO, lina maelezo ya mgonjwa wa maambukizi makali ya njia ya hewa, yaliyotengenezwa kwa ajili ya influenza: joto la nyuzi 38 au zaidi, au historia ya kuwa na joto, pamoja na kikohozi, ugonjwa ulioanza ndani ya siku 10, na hali inayohitaji kulazwa. Ukiyatumia kama yalivyo kwa RSV utawapoteza watoto wengi, kwa kuwa kichanga mwenye RSV mara nyingi hana joto lolote. Ndiyo maana katika ufuatiliaji wa RSV, WHO huondoa sharti la joto, na kwa watoto wa chini ya miezi 6 huongeza kukatika kwa pumzi na dalili za maambukizi ya damu. Wazee nao hulazwa na RSV bila joto, mara nyingine kwa jina la pumu au moyo kushindwa kazi.

Halafu lipo suala la lugha, na hapa Nairobi suala hilo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye vitabu "homa" ni joto la mwili. Mtaani, "homa" ni mafua. Nilikaa na mama mmoja kwenye benchi la kliniki, nikamuuliza kama nilivyoandikiwa kwenye dodoso:

"Mama, mtoto amekuwa na homa?"

"Ndiyo, ana homa tangu Jumapili."

"Mwili ulikuwa moto ukimgusa?"

"Hapana, ni makamasi tu na kukohoa."

Jibu la kwanza lilikuwa limeshamweka kwenye orodha ya wenye joto. Tangu siku hiyo siandiki neno "homa" kwenye dodoso la Nairobi. Uliza "mwili ulikuwa moto?" na uliza tofauti kuhusu makamasi. Kwa upumuaji, "alikuwa anapumua haraka haraka?" na "kifua kilikuwa kinabonyea ndani?" hueleweka vizuri zaidi kuliko "alikuwa na matatizo ya kupumua?", ambalo kila mzazi mwenye wasiwasi atalijibu ndiyo.

Hatua ya 3: Toa umri kwenye sajili kwa mkono makini

Madaktari na matabibu wetu huandika umri wa watoto kwa sehemu. "4/12" ni miezi minne. "3/52" ni wiki tatu. "1 8/12" ni mwaka mmoja na miezi minane. Yeyote aliyefanya kazi wodini anasoma hivyo bila kufikiri, ila Excel haijafanya kazi wodini. Ukiandika 4/12 kwenye seli ya kawaida, inakugeuzia kuwa tarehe. Ukiandika 3/52, inakupa Machi 1952. Katika hospitali moja nilipokea faili ambalo karibu vichanga wote walikuwa wamegeuka tarehe, na aliyeliandaa, alipoona safu imeharibika, aliifuta yote akaacha "chini ya mwaka 1". Rika lenye mzigo mkubwa kuliko yote lilipotea kwa kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo fungua safu mbili, moja ya namba na nyingine ya kipimo: siku, wiki, miezi au miaka. Kama tarehe ya kuzaliwa ipo, iandike hiyo pia na uache kompyuta ihesabu. Ukimaliza, chora idadi ya wagonjwa kwa kila mwezi wa umri. Ukiona mlima kwenye miezi 12 na bonde kwenye 11 na 13, ujue watu wamekadiria, "mwaka mmoja hivi". Hilo halirekebishiki kwa hesabu, lakini linakuonya usijenge hoja juu ya mpaka wa mwezi wa 12.

Kabla ya yote haya uwe na kibali cha kamati ya maadili na cha kaunti, na usitoe jina wala namba ya simu ya mgonjwa nje ya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko wazi kuhusu taarifa za afya.

Hatua ya 4: Tafuta msimu, usiudhanie

Wengi huchukua Juni hadi Agosti kwa sababu ndiyo miezi ya baridi. Nairobi iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na virusi vya njia ya hewa hapa havifuati kalenda ya Ulaya. Huweza kupanda na mvua, na baridi, na shule zinapofunguliwa, na msimu mmoja huweza kuvuka Desemba ukaingia mwaka mwingine. Ukikata Januari hadi Desemba unaweza kuukata msimu katikati na kupata nusu mbili zisizo na maana.

Panga matokeo ya maabara kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, kwa miaka mingi kadiri unavyoweza. Angalia wiki ambazo sehemu ya waliopatikana na RSV inapanda na kubaki juu. Anzia mwaka wako wa hesabu mahali virusi vinapokuwa chini kabisa.

Kisha weka alama kwenye wiki ambazo hospitali zenyewe hazikuwa za kawaida. Mgomo wa madaktari wa Desemba 2016 hadi Machi 2017 ulidumu siku 100, na wa wauguzi mwaka huohuo ukachukua miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Mwaka 2020 COVID-19 ilibadilisha kila kitu, virusi na tabia za watu. Kwenye grafu ya wodi ya umma, mgomo unafanana kabisa na msimu mzuri usio na ugonjwa. Usiwape watu habari njema iliyotokana na mlango uliofungwa.

Hatua ya 5: Zidisha ndani ya kila mwezi na kila rika

Hapa ndipo penye moyo wa kazi, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Tarakimu zinazofuata nimezibuni kwa zoezi tu.

Chukua watoto wa miezi 0–5. Aprili walilazwa 60, wakachukuliwa sampuli 40, wakapatikana na RSV 4, yaani asilimia 10. Juni walilazwa 180, wakachukuliwa sampuli 80, wakapatikana 32, yaani asilimia 40.

Njia ya haraka: jumlisha kila kitu. Sampuli 120, wenye RSV 36, asilimia 30. Zidisha kwa 240 waliolazwa, unapata 72.

Njia sahihi: Aprili, asilimia 10 ya 60 ni 6. Juni, asilimia 40 ya 180 ni 72. Jumla 78.

Watoto sita wamepotea kwenye njia ya haraka, na sababu ni ya kibinadamu kabisa. Aprili wodi ilikuwa na nafasi, muuguzi akachukua sampuli za theluthi mbili ya watoto. Juni wodi ilifurika, akaweza chini ya nusu. Wakati virusi vinapozidi ndipo mikono inapopungua, na ukichanganya miezi, mwezi mwepesi unapewa sauti kubwa kuliko haki yake. Fanya hivi kwa kila rika. Kama rika fulani lina sampuli chache mno kwa mwezi, unganisha miezi miwili au mitatu inayofanana. Usikopeshe asilimia ya watoto kwa watu wazima, hata kama ndiyo pekee uliyo nayo.

Uliza pia ni nani hakuchukuliwa sampuli. Mara nyingi ni mtoto aliyeletwa usiku, aliyelazwa wikendi, aliyefariki saa chache baada ya kufika, au aliyekuwa mgonjwa mno mzazi akakataa aguswe pua. Hao si sawa na waliobaki.

Hatua ya 6: Tafuta watu ambao wagonjwa hawa wametoka miongoni mwao

Sensa ya Agosti 2019 iliipa Nairobi watu 4,397,073. Juzuu la pili la sensa lina idadi hadi kata ndogo, na la tatu lina umri. Shida ni mipaka. Sensa iligawa Nairobi katika kaunti ndogo 11, ilhali maeneobunge ni 17. Embakasi pekee ina maeneobunge matano, lakini kwenye sensa kuna Embakasi moja na Njiru pembeni yake. Usilinganishe majina. Jenga eneo lako upya kutoka kata ndogo, kisha tumia mgawanyo wa umri wa kaunti ndogo husika.

Vichanga wa sensa ya 2019 sasa wako shuleni, kwa hiyo tumia makadirio ya miaka ya baadaye ya Shirika la Takwimu la Kitaifa, halafu yapime kwa kitu cha karibu. Mimi hutazama dozi ya kwanza ya chanjo ya pentavalenti (inayokinga magonjwa matano), ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki sita. Siipendi BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwa kazi hii, kwa sababu hutolewa pale mtoto anapozaliwa, na akina mama wengi hujifungulia hospitali kubwa zilizo mbali na wanakoishi. Wiki sita baadaye mama amesharudi kliniki ya mtaani kwake.

Turudi kwenye mfano. Kati ya wale 78, tuseme 13 walitoka nje ya eneo lako, kaunti jirani za Kajiado au Kiambu. Wanabaki 65. Usisahau kuwatoa: ukiwaweka juu ya mstari (kwenye wagonjwa) na watu wao hawamo chini ya mstari (kwenye idadi ya watu), kiwango chako kitavimba. Na kama kipindi kinagusa Desemba au likizo ya shule, kumbuka kwamba sehemu ya Nairobi huwa imeenda ushago, yaani mashambani, watoto na nyanya wakiwemo.

Hatua ya 7: Wafuate ambao hawakufika kwako

Hospitali yako si pekee. Watoto wa eneo lako hulazwa pia kwenye hospitali za kibinafsi na za misheni, na wengine huishia duka la dawa. Unahitaji utafiti wa kaya wa kuuliza watu huenda wapi wakiugua. Kama haujawahi kufanyika eneo lako, fanya mdogo: chagua vitongoji kwa bahati nasibu, uulize nyumba kwa nyumba kuhusu ugonjwa wa kifua uliohitaji kulazwa katika miezi 12 iliyopita, na kikohozi cha kawaida katika wiki mbili zilizopita. Nenda na mhudumu wa afya wa jamii anayejulikana pale, mlango hufunguka haraka.

Mfano wa kuigwa uko Kibera. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na CDC, shirika la kudhibiti magonjwa la Marekani, walianza mwaka 2006 kufuatilia kaya za vijiji vya Gatwekera na Soweto, wakiwatembelea nyumbani mara kwa mara huku wakiwahesabu wanaofika kliniki iliyo karibu. Kwa kuwa na macho pande zote mbili, waliweza kuona pengo kati ya anayeugua nyumbani na anayefika kwa tabibu, hata pale huduma ilipokuwa bure.

Tuseme utafiti wako umeonyesha asilimia 65 ya vichanga wa eneo hilo wanaolazwa hulazwa kwako. Gawanya 65 kwa 0.65, unapata 100. Hao ndio makadirio ya vichanga waliolazwa kwa RSV eneo zima. Kama eneo lina vichanga 4,000 wa miezi 0–5 kwa wakati wowote, na kipindi ni nusu mwaka (kwa zoezi, chukulia miezi mingine haikuwa na RSV), una miaka-mtoto 2,000, yaani idadi ya watoto mara muda kwa miaka, na kiwango ni 50 kwa kila miaka-mtoto 1,000. Taja kipimo hicho wazi. Vichanga huingia na kutoka kwenye rika hili kila wiki, kwa hiyo "25 kwa kila watoto 1,000" si kauli ileile, na nimeona watu wawili wakibishana kutwa nzima juu ya namba moja iliyoandikwa kwa njia mbili.

Ile asilimia 65 itafute kwa kila rika. Mtoto huletwa hospitali ya umma mapema kuliko babu yake, ambaye huvumilia hadi asiweze kuinuka. Kijana wa miaka 25 mwenye kibarua cha siku haji kabisa.

Wazee wanahitaji hatua yao wenyewe

Kwa rika la 65 kwenda juu, mara nyingi utakuta sampuli 30 na hakuna hata mmoja mwenye RSV. Usiandike sifuri. Gawanya 3 kwa idadi ya sampuli: 3 kwa 30 ni asilimia 10, nao ndio takriban mpaka wa juu unaokubaliana na ulichoona. Kama walilazwa 90, RSV inaweza kuwa imelaza hata 9 kati yao. Andika "0 hadi 9". Ongeza kwamba mtu mzima hutoa virusi kidogo puani na huja amechelewa, hivyo kijiti kimoja cha puani humkosa kirahisi kuliko mtoto. Sifuri ikishachapishwa, hakuna atakayewatafutia wazee hawa fedha za kupimwa mwaka ujao.

Hatua ya 8: Toa mipaka

Ile asilimia 40 ya Juni ilitokana na sampuli 80, kwa hiyo ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 29 na 51. Juni peke yake ni watoto 53 hadi 91. Asilimia 65 nayo ina mipaka: ikiwa ni 55, ile 100 inakuwa 118, ikiwa ni 75 inashuka hadi 87. Ili kuunganisha mashaka yote, acha kompyuta iokote thamani moja kutoka kila kipimo, ikokotoe jibu, irudie mara 10,000. Yapange majibu kutoka dogo hadi kubwa, uchukue la 250 na la 9,750. Programu ya takwimu ya R hufanya hivyo kwa mistari michache. Zaidi ya kukupa mipaka, zoezi hili hukuonyesha ni wapi shilingi inayofuata iende: kwenye sampuli zaidi au kwenye utafiti wa kaya.

Vifo viweke kwenye jedwali lake. Usizidishe vifo vya wodini kwa kigezo kilekile cha waliolazwa, kwa maana mtoto anayefia nyumbani si nakala ya anayefia wodini. Panahitajika mahojiano ya familia kuhusu sababu za kifo, nayo ni kazi ya watu waliofunzwa kukaa na wafiwa.

Jedwali likikamilika, usilipeleke kaunti kwanza. Lipeleke wodini, ulitandaze mezani mbele ya wauguzi waliokuwa zamu msimu ule, wiki kwa wiki, rika kwa rika. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, muuguzi mmoja aliweka kidole kwenye wiki ya pili ya Juni na kusema, "Hapa umeandika watatu. Wiki hiyo tulikuwa tunawalaza watoto wawili wawili kitandani." Tulienda naye hadi kabati la mwisho wa korido. Wodi ilipofurika walikuwa wamefungua sajili ya pili, na hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuwa nimeuliza.